Jibu: Kusoma The Book of Fate bila kupotea katikati

Ndugu, umeuliza kwa nini unapotea katikati ya riwaya hii ya Parinoush Saniee, hasa mapinduzi ya Iran yanapoingia. Sababu ni kwamba msimulizi ni Massoumeh, mhusika mkuu mwenyewe, na hasimami kufafanua siasa; msomaji wa Iran anazijua tayari.

Shika tarehe hizi: Shah, mfalme wa Iran, anaangushwa mwanzoni mwa 1979, vita na Iraq vinaanza Septemba 1980, vinakoma Agosti 1988. Kisha andika pembeni msimamo wa kila mwanamume wa familia ya Massoumeh. Hamid, mumewe, ni mkomunisti. Mahmoud, kaka yake Massoumeh, ni mtu wa dini. Siamak, mwana wa Massoumeh, anavutwa na Mujahidina, kundi la upinzani la Iran, ambao si wale wa Afghanistan; wengi huchanganya hapo. Wakomunisti na Mujahidina walimpinga Shah bega kwa bega na wafuasi wa Khomeini, kiongozi wa kidini wa mapinduzi, kisha utawala mpya ukawageukia. Ndiyo maana Hamid anatoka jela akiwa shujaa, na hatari haijaisha.

Tafadhali usiruke sura za mwanzo, pale kaka zake Massoumeh wanapomwamulia kila kitu. Zinaumiza, lakini uamuzi wa mwisho wa Massoumeh hauna uzito bila hizo.