Muulize Fundi: Exe yangu haifunguki kwenye Linux

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nina steshenari hapa Morogoro, kompyuta mbili za mezani, core i5 za toleo la nne, ram 8. Niliambiwa Windows 10 imefika mwisho na hizi mashine 11 haziingii, mdogo wangu akanipigia Linux Mint na sikatai, zinawaka haraka kuliko zamani. Sasa ile programu yangu ya stoo na risiti, niliandikiwa na kijana mmoja 2012, nikiibonyeza haifunguki kabisa. Kazi za wateja za Word zinakuja zimevurugika, CV ya kurasa mbili inakuwa tatu mteja ananuna. Alafu programu ya mahesabu ina kale kaflashi ka laiseni, lazima kachomekwe ndo ifunguke. Nirudi Windows tu au kuna namna?
*Mama Steshenari, Morogoro*

JIBU: Usirudi kwanza dada. Mdogo wako hakukudanganya, Microsoft walifunga apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia toleo la nane pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, yako haimo. Wapo mafundi wanaoilazimisha iingie hivyohivyo, mi kwa mashine ya biashara sikushauri.

Ya stoo ndo tuanze nayo. Hilo faili la exe, yaani faili la kufungulia programu ya Windows, limeandikwa likijua kuna Windows ya kuiomba vitu: nifungulie dirisha, nisomee hii faili, peleka hii kwa printa. Kwenye Linux hakuna wa kuyajibu hayo maombi ndo maana unabonyeza kimya. Kuna programu ya Linux inaitwa Wine, inakaa hapo katikati, inapokea kila ombi na kulitimiza kwa njia za Linux, haikuwekei Windows ndani ya mashine wala kompyuta ya bandia, kwa hiyo programu ikikubali inakimbia karibu na kasi yake ya kawaida. Wameanza kuitengeneza 1993 na toleo la 1.0 limetoka 2008, miaka 15, maana kufuata kila tabia ya Windows hadi zile za ovyo ni kazi ya kuzeekea. Na kichekesho chake ni kwamba zile programu za kale za 16-bit, za enzi za Windows 3.1, Windows ya sasa ya 64-bit haizitaki kabisa lakini kwenye Wine zinafunguka.

Kabla hujagusa chochote nakili folda nzima ya hiyo programu na data zake kwenye flashi, na nyingine ya akiba kama unayo. Kisha fungua Software Manager ya Mint, weka Wine na winetricks, kisaidizi chake cha kushusha vipande vya Windows vinavyokosekana, hakikisha imeshuka na ile sehemu ya 32-bit maana programu ya 2012 kuna uwezekano mkubwa ni 32-bit. Usibonyeze ikoni. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, ukiwa ndani ya folda yake uandike wine ikifuatiwa na jina la exe, kwa sababu ukibonyeza ikoni inakufa bila kusema ila kwenye teminali itakwambia imekosa nini. Vijana wengi waliokuwa wanaandika programu za maduka miaka ile walitumia Visual Basic 6, data zinakaa kwenye faili la Access lile linaloishia na mdb. Ukiona inalia MSVBVM60.DLL, andika winetricks vb6run. Ikifunguka ila ikagoma kusoma data, jaribu vilevile winetricks jet40 na mdac28. Kama iliandikwa kwa dotnet ya Microsoft, Wine ina mbadala wake unaitwa Mono utaingia wenyewe, ukishindwa ndo uweke dotnet40.

Risiti nazo: Wine inatumia printa zilezile za Linux, sasa kama printa haitoi karatasi ukiprinti kutoka Mint yenyewe usiilaumu Wine. Ila zipo programu zinazotuma risiti moja kwa moja COM1, lile tundu la kizamani la kuchomekea vifaa, bila kupitia printa ya kawaida, hizo lazima Wine ioneshwe COM1 ni tundu lipi, mwambie mdogo wako aangalie folda ya dosdevices ataelewa.

Word sasa. Hapo Wine hata usiiguse, Office za zamani kama 2010 zinaingia ndio lakini hizi za sasa zinasumbua mno, na tatizo lako wala si Word, ni fonti. CV nyingi za mtaani zimeandikwa kwa Calibri kwa sababu ndo ilikuwa inakuja yenyewe kwenye Word kuanzia Office 2007 hadi juzijuzi, Linux haina Calibri, LibreOffice, ambayo ndo inafungua Word kwenye Mint, inachukua fonti nyingine yenye upana tofauti basi maneno yanasukumana mstari hadi mstari mpaka ukurasa wa tatu unazaliwa. Hakikisha una Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria, na Liberation kwa ajili ya Arial na Times New Roman. Mistari itakatika palepale ilipokuwa. Mteja anayetaka kuprinti tu bila kurekebisha kitu mwambie atume PDF, hiyo ndo dawa kubwa kuliko zote na haina gharama.

Kaflashi ka laiseni hapo mama umeukuta ukuta. Programu za aina hiyo kwa kawaida zinakuja na driva inayoingia kwenye kiini cha Windows chenyewe, Wine haina hicho kiini kwa hiyo ukeshe hata wiki hutaifungua. Kwa programu yoyote mi naangalia kitu kimoja, inagusa nini. Inayochora madirisha na kuandika faili, Wine itaiweza siku moja au nyingine. Inayotaka driva zake, tafuta njia nyingine. Njia yenyewe ni VirtualBox, ambayo inaweka Windows kamili ikikimbia ndani ya Linux, unaipa ram 3 au 4 kati ya hizo 8, unamwongeza mtumiaji kwenye kundi la vboxusers ndo kale kaflashi kaonekane kule ndani, na kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla mashine haijawaka, uwashe VT-x, uwezo wa prosesa kubeba mfumo ndani ya mfumo, la sivyo haitawaka kabisa. Hiyo Windows ya ndani inataka laiseni yake pia. Ila kwa mtu mwenye mashine mbili mi ningefanya kirahisi tu, moja ibaki Windows 10 kwa mahesabu peke yake, bila intaneti kabisa, na ya pili iwe Mint ya wateja.

SWALI: Niaje fundi. Nimenunua MacBook ya M1, kuna programu ya Windows tunaitaji chuo, jamaa wa mtaani anasema ataniwekea Windows kwa Boot Camp elfu tatu. Ni sawa?
*Mwanafunzi, Eldoret*

JIBU: Usitoe hiyo pesa mdogo wangu. Boot Camp, ile njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, ilikuwa ya Mac za Intel, kwenye hizi za M1 iliyotoka 2020 na kuendelea haipo. Na usichanganye na Rosetta 2, ile inatafsiri programu za Mac ya Intel zikimbie kwenye chipu mpya, za Windows haihusiki nazo. Kinachowezekana ni Windows 11 ya Arm, yaani ya aina ya chipu kama hiyo M1, ndani ya Parallels, programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac, ni ya kulipia na Microsoft wameikubali rasmi tangu 2023, au VMware Fusion na UTM ambazo ni bure. Hiyo Windows ya Arm nayo inatafsiri programu za kawaida za Intel yenyewe, nyingi zinakubali, zenye driva zinagoma, yaleyale ya Mama Steshenari hapo juu. Lakini kabla ya yote muulize mhadhiri kama SPSS ya takwimu au hicho mnachotumia hakina toleo la Mac, SPSS inalo.

SWALI: Gemu je? Nataka kuhamia Linux ila siachi mpira.
*Tanga*

JIBU: Gemu za kucheza peke yako hali ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, Valve, wenye duka la gemu la Steam, walitoa Proton 2018, ambayo ni Wine iliyoongezewa vitu vya kutafsiri michoro ya DirectX ya Windows kwenda Vulkan inayoeleweka na Linux, na Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi ya 2022, ni Linux mtupu. Za mtandaoni ndo shida, zile zenye mlinzi wa kuzuia wachezaji kudanganya (anti-cheat) anayekaa ndani ya kiini cha mfumo. Valorant sahau. EA Sports FC za sasa nazo zina mlinzi wake na Linux hamtaki. Bakiza Windows kwenye diski ya pembeni kwa ajili ya mpira.

SWALI: Nikitumia Wine virusi vya Windows vinaweza kuniingia?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ndio, na watu hawapendi kuambiwa hili. Wine haijui exe nzuri na mbaya, ikiombwa kufuta faili inafuta, na kwa kawaida inakuwa na diski Z inayoonesha Linux yako yote, picha, nyaraka, kila kitu unachoweza kukigusa wewe. WannaCry ya 2017, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, kuna watu waliijaribu kwenye Wine ikafunga mafaili vizuri tu. Usiifungue kwa sudo, ile amri ya mamlaka ya juu, hata siku moja, achana na programu zilizokrakiwa, na ukiwa na wasiwasi na exe ingia winecfg, mipangilio ya Wine, sehemu ya diski, uiondoe Z. Hiyo haimzuii mwizi aliyeamua kweli lakini inapunguza. Programu ikishindwa kuona flashi baada ya hapo, iongezee herufi nyingine inayoelekea folda ya flashi peke yake.