Kufunga mbwa cheni mchana kutwa: sheria ya Kenya inasemaje?

SWALI: Daktari habari yako, mimi niko Njoro. Mbwa wangu namfunga kwa mti wa avokado kutoka asubuhi mpaka usiku juu ploti haina fensi, sasa jirani anasema ni makosa, eti mwisho ni masaa matatu. Ni ukweli ama ananitisha tu?

JIBU: Nzuri sana. Hayo masaa matatu ni sheria ya California huko Marekani, na Ujerumani tangu 2022 wamekataza karibu kabisa. Sisi hapa tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Cap 360, na swali lake kubwa ni kama unamtesa mnyama bila sababu. Kwa hivyo jirani amekosea masaa lakini hajakosea kukuambia, maana mbwa wa kukaa hapo mchana kutwa bila maji na jua likimpiga, hayo ni mateso na unaweza kushtakiwa.

Kinachoniuma zaidi ni shingo. Mtu anafunga mtoto wa mbwa na kamba ya manila, mbwa anakua kamba haikui, nywele zinaisha, ngozi inakatika, nzi wanataga mayai hapo na ukifungua unakuta funza ndani ya kidonda. Leo jioni tafadhali pitisha vidole viwili kati ya kola na shingo, visipopita legeza saa hiyo hiyo.

Halafu fanya hivi, vuta waya nene kutoka kwa huo mti hadi nguzo ingine, tia ringi, cheni nyepesi ishikane na ringi ndio aweze kukimbia huku na huku. Usiweke karibu na ukuta, akiruka upande wa pili atajinyonga. Kivuli angalia saa nane mchana, si asubuhi, na maji yawe kwa chombo kizito asichoweza kupindua.

Usiku bado mfunge ama umjengee banda, usimwachilie barabarani, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kiko na kinaua watu, na kikizuka mahali serikali inaweza kuamuru mbwa wote wafungiwe chini ya Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Cap 365. Mchanje kila mwaka na kadi uiweke vizuri, akiuma mtu hiyo ndio itaulizwa kwanza.