Maswali ya Wasomaji: Cha Asili, Je, Ni Salama?

SWALI: Ndugu wataalamu, mke wangu akivuta harufu ya rangi mpya au gundi ya mbao, kichwa humuuma na kifua humbana siku mbili tatu. Sasa tunajenga chumba chake cha kulala. Tumeamua kutumia vitu vya asili tupu: mbao za msonobari zilizopakwa mafuta ya kitani, na lipu ya chokaa. Tuendelee?

JIBU: Chokaa endeleeni nayo. Mbao na mafuta, subirini kwanza.

Harufu ya msonobari hutoka kwenye utomvu wake, na mvuke huo huwasumbua wengi wenye hali kama ya mkeo, hasa mbao ikiwa mpya na chumba kina joto. Mafuta ya kitani nayo hukauka kwa kufyonza oksijeni, na yakikauka hutoa aldehaidi, yaani mvuke wa kemikali wenye harufu kali. Harufu yaweza kudumu wiki kadhaa. Kutoka shambani hakuyaondolei hilo. (Matambara yaliyolowa mafuta hayo msiyarundike: hupata joto yenyewe hadi yakawaka. Yatandazeni nje yakauke.) Kwa sakafu tungechagua vigae vya udongo wa kuchoma, vilazwe kwa saruji na mchanga, si kwa gundi ya ndoo.

Lipu: chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kuchanganywa na maji) kipimo 1, mchanga safi vipimo 3. Lowesheni ukuta kwanza, pakeni tabaka la milimita 10 hivi, kisha mlinyunyizie maji siku kadhaa. Likikauka haraka hubaki unga unaopukutika, kwa kuwa chokaa hukomaa kwa kunywa hewa ukaa polepole, na bila unyevu kazi hiyo hukatika. Ikiwa mbichi huunguza ngozi na macho: fundi avae glavu na miwani, mgonjwa awe mbali. Ikikomaa haina harufu. Chokaa ya kupaka haishiki juu ya rangi ya mafuta au ya plastiki, hubanduka. Na mchanganyiko wa mfuko ulio tayari, ulizeni kila kilichomo, maana baadhi hutiwa gundi na dawa ya kuzuia kuvu.

Kabla ya kununua chochote kwa wingi, kijaribuni. Chukueni kipande cha ukubwa wa kiganja, kikiwa kimeshapakwa na kukauka kama kitakavyokuwa chumbani. Kifungieni kwenye chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana, muiache mahali pa joto saa 24. Mtu mzima wa afya anuse kwanza. Asiposikia kitu, kipande kikae karibu na kitanda cha mgonjwa usiku tatu. Jaribuni kimoja kimoja. Mkichanganya viwili hamtamjua mkosaji. Kama aliwahi kubanwa pumzi vibaya, daktari wake ahusishwe kabla ya jaribio.

SWALI: Kabati langu la chipubodi bado linanuka baada ya mwaka. Nilipake vanishi?

JIBU: Ni bora litoke chumba cha kulala. Gundi ya chipubodi nyingi ina fomaldehaidi, kemikali ya mvuke unaowasha macho na pua, ambayo huendelea kutoka kwa miaka, na huzidi pakiwa na joto na unyevu. Ukilazimika kubaki nalo, tazama kingo zilizokatwa, migongo, na matundu ya skrubu: hapo ndipo mvuke hupenya zaidi, na ndipo mafundi husahau. Kuziba mbele tu hakusaidii. Lipeleke nje, lizibwe pande zote, na lisirudi ndani hadi vanishi yenyewe iache kunuka.