Maswali na majibu: Alama za mtihani na ufadhili wa masomo

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, nalo ni dhana kwamba upo mtihani fulani ambao mwanafunzi akiufaulu vizuri fedha za chuo humfuata zenyewe. Nimechagua barua saba. Nimefupisha baadhi, lakini sijabadilisha maana.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, tahasusi ya PCM, hapa Temeke. Rafiki yangu wa shule ya kimataifa huko Masaki anasema wao hufanya PSAT mwezi wa kumi na anayepata alama za juu hupewa ufadhili wa National Merit. Nami nijisajili wapi?

Marahaba. PSAT, mtihani wa maandalizi ya SAT, haisajiliwi na mwanafunzi mwenyewe kama SAT yenyewe, yaani mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kwa kuwa hutolewa kupitia shule zilizokubali kuuandaa, na shule nyingi za mtaala wetu hazimo. Hata ungepata nafasi ya kuufanya, National Merit ingebaki mbali nawe. Mpango huo ulioanzishwa mwaka 1955 ni wa wanafunzi wa sekondari za Marekani, na anayesoma nje ya nchi hiyo hukubaliwa tu akiwa raia wa Marekani, au akiwa na ukaazi wa kudumu wa huko na nia ya kuwa raia. Kwa hiyo hata kwa huyo rafiki yako, kabla ya kuuliza amepata ngapi, ungemuuliza anashika pasipoti ya nchi gani. Usivunjike moyo, maana milango inayokuhusu wewe ni mingine na nitaieleza katika jibu la tatu.

Binti yangu alizaliwa Marekani na ana uraia wa huko, ila anasoma hapa Dar. Yeye na mwenzake walipata alama 1460 kila mmoja katika PSAT, lakini fahirisi zao za uteuzi zimetofautiana. Je, kuna makosa? — Mzazi, Mikocheni

Hakuna makosa, ndugu mzazi. PSAT ina sehemu mbili, yaani Kusoma na Kuandika kwa upande mmoja na Hisabati kwa upande mwingine, na kila sehemu ina kiwango cha juu cha alama 760. Fahirisi ya National Merit, yaani namba inayotumika kuwachagua washindani, huhesabu sehemu ya kwanza mara mbili na Hisabati mara moja, kisha jumla hugawanywa kwa kumi. Chukua mtahiniwa mwenye 760 za Kusoma na Kuandika na 700 za Hisabati: fahirisi yake ni 222. Ukizigeuza alama hizo, 700 za lugha na 760 za Hisabati, jumla inabaki ile ile 1460, lakini fahirisi inashuka hadi 216. Tofauti ya pointi sita katika mashindano haya ni kubwa sana, na kwa kweli hesabu hiyo inawaumiza watoto wetu wa sayansi ambao Kiingereza walikianza kwa dhati wakiwa sekondari.

Kila mwaka huingia zaidi ya wanafunzi milioni moja na laki tatu. Kati yao takriban 50,000 hutambuliwa, kama 16,000 hufika nusu fainali, na karibu 15,000 huingia fainali baada ya kuthibitisha uwezo wao kwa SAT au kwa ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, kuandika insha, kuonyesha maendeleo mazuri darasani na kupendekezwa na mkuu wa shule. Alama ya kukata kwa nusu fainali hutofautiana jimbo kwa jimbo, na raia wanaosoma ng'ambo, kama binti yako, huwekewa kiwango sawa na cha jimbo lililo juu kuliko yote. Hakikisha pia kwamba aliufanya akiwa darasa la 11, kwa sababu ndilo linalohesabiwa kwa mwanafunzi wa kawaida.

Niseme jambo ambalo wazazi wengi hawapendi kulisikia. Tuzo ya msingi ya National Merit ni dola 2,500 zinazotolewa mara moja tu, na hata walioingia fainali hawapati fedha wote. Vyuo binafsi vingi vya kule sasa gharama yake ya mwaka mmoja inapita dola 80,000. Heshima ni kubwa na vyuo kadhaa huongeza fedha zao kwa mwanafainali atakayewachagua, lakini usiuze kiwanja cha Kigamboni kulipia masomo ya ziada kwa ajili ya hizo 2,500.

Sisi Watanzania tunaosoma mtaala wa hapa tutumie mtihani gani kupata ufadhili wa Marekani? — Kidato cha sita, Ubungo

Mitihani inayotambulika ni SAT, yenye alama 400 hadi 1600, na ACT, yenye 1 hadi 36. Alama zenyewe hazitoi fedha. Chuo ndicho kinachotoa, na vyuo vimegawanyika katika makundi ambayo wanafunzi wengi huyachanganya.

Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi maarufu vya Marekani, Harvard na Yale vikiwemo, havina kabisa ufadhili wa kufaulu. Mtu mwenye 1600 na mwenye 1500 wakidahiliwa, kila mmoja hupewa fedha kulingana na uwezo wa familia yake tu. Baadhi ya vyuo vya ngazi hiyo, kwa mfano Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, haviangalii mfuko wa mwombaji hata kama ni mgeni, kisha huziba pengo lote la gharama kwa anayechaguliwa. Kwa mtoto wa familia ya kipato cha chini ya Dar es Salaam hapo ndipo penye neema kubwa, ingawa mlango wenyewe ni mwembamba kuliko tundu la sindano. Kundi la pili ni vyuo kama Chuo Kikuu cha Alabama, ambacho huchapisha wazi jedwali la wastani wa alama za shule na alama za SAT au ACT, na kiasi cha punguzo la ada kinachoambatana nazo. Punguzo hilo mara nyingi halifuti ada yote, wala chakula na malazi, kwa hiyo piga hesabu ya kinachobaki kabla ya kushangilia.

Kuhusu ulazima wa mtihani, vyuo vingi viliuacha kuwa hiari wakati wa korona. MIT iliurejesha mwaka 2022, Dartmouth na Harvard zikafuata mwaka 2024. Vyuo vikuu vya umma vya California, kwa upande wao, havitazami SAT hata ukiwapelekea.

Nifanye SAT lini bila kuharibu mtihani wangu wa NECTA? — Kidato cha tano, Kinondoni

Maombi ya vyuo vya Marekani hufungwa kati ya Novemba na Januari, nawe utafanya mtihani wa kidato cha sita Mei inayofuata. Maana yake ni kwamba wakati wa kuomba hutakuwa na matokeo ya kidato cha sita. Utakuwa na cheti cha kidato cha nne, ripoti za shule na alama za SAT. Ningekushauri ujaribu Machi au Juni ukiwa kidato cha tano, kisha urudie Agosti au Oktoba ukianza cha sita, kwa kuwa vyuo vingi huchukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka mara tofauti ulizofanya. SAT ya Mei ya kidato cha sita isahau. Ada kwa mtahiniwa wa nje ya Marekani hupita dola 100, hivyo usirudie kwa mazoea. Khan Academy ina mazoezi kamili bila malipo.

Wastani wa mwanafunzi wangu bora ni 78. Nikiuandika hivyo Wamarekani hawatamwona wa kawaida? — Mwalimu wa taaluma, Mbagala

Mwalimu, umegusa pale ambapo watoto wetu wengi hupotezea nafasi. Kwa NECTA, A ya kidato cha nne inaanzia 75 na ya kidato cha sita 80. Kule, A kwa kawaida inaanzia 90, na 78 kwa macho yao ni C yenye kujumlisha. Dawa yake si kumwongezea alama, wala kuzibadilisha mwenyewe kwa jedwali ulilookota mtandaoni. Andika alama zilivyo, halafu ambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo ya shule, wenye mpangilio wa madaraja ya NECTA, idadi ya wanafunzi wa tahasusi hiyo, na idadi ya waliopata A katika kila somo mwaka uliopita. Msomaji akiona kwamba katika darasa la watu 64 ni wawili tu waliovuka 75 katika Fizikia, ile 78 itajieleza yenyewe.

Nina simu nzuri tu, sina laptopu. Na je, umeme ukikatika katikati ya mtihani? — Tabata

Simu hairuhusiwi. SAT hufanywa kwa laptopu au kishikwambi chenye programu ya Bluebook, na asiye na kifaa anaweza kuomba kuazimwa, mradi aombe angalau siku 30 kabla. Intaneti huhitajika mwanzoni na wakati wa kutuma majibu, kwa hiyo ikikatika katikati unaendelea. Betri ndiyo ya kuangalia: mtihani wenyewe ni saa mbili na dakika 14, lakini fika na chaji ya saa nne.

Tazama na jina lako. Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia alijisajili kwa «Mohamedi» la cheti cha kuzaliwa, ilhali pasipoti ilisema «Mohamed». Herufi moja ilimpotezea wiki mbili za barua pepe.

Kuna mtu Kariakoo anataka shilingi laki tatu anitafutie ufadhili wa Samia. Nimpe?

Usimpe. Ufadhili huo ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 unawahusu waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita na kudahiliwa katika vyuo vya ndani. Orodha hutokana na matokeo ya NECTA, na maombi hupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo. Huyo bwana hana pa kukuingiza.