Nilikimbilia gawio la asilimia 15, nikaangukia pua

Juzi shemeji yangu kanipigia simu. Kapata hela yake ya mafao, akaniambia, "Shem, nitajie hisa inayotoa gawio kubwa kuliko zote pale DSE, niweke hela nitulie nile." (DSE ni soko la hisa la Dar es Salaam, na gawio ni ile sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa.) Nilicheka kwanza, maana swali hilohilo nililiuliza mwenyewe mwaka 2019, tena nikapata jibu, na jibu likanila hela. Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie, kwenye simu vocha itaisha. Nilichomwandikia kimekuwa kirefu nikaona niweke na hapa, labda kuna mwingine ana hela yake kiganjani anatafuta pa kuipeleka.

Mwaka ule tulivunja kikoba nikatoka na milioni moja na laki mbili. Nikaingia mtandaoni, nikaorodhesha kampuni, gawio la mwaka nikagawanya kwa bei ya hisa, nikapanga kuanzia juu kwenda chini, nikajiona mchumi kabisa. Ya kwanza kwenye orodha (jina kapuni) bei ilikuwa 400, gawio 60. Asilimia 15! Benki wakati huo kwenye akiba wananipa vihela ambavyo hata sivisemi. Nikanunua hisa 2,900, ukiweka na makato ya broka (anayekununulia na kukuuzia hisa) na soko, kama asilimia mbili hivi, hela yote ikaisha. Mwaka wa kwanza gawio likaja, 174,000, toa kodi ya zuio asilimia 5 ambayo kampuni iliyoorodheshwa sokoni inakata kabla hujalipwa, mkononi 165,300. Nikawatangazia watu ofisini.

Mwaka uliofuata gawio likawa 20. Uliofuata hakuna kitu. Bei nayo ikashuka mpaka 260, nikasema bora niuze niokoe kilichobaki, hapo ndo nikajua habari nyingine. Nimeweka oda, kila nikipiga simu broka ananijibu, "Dada, oda yako ipo sokoni, mnunuzi ndo hamna." Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kuna hisa pale DSE zinaweza kukaa siku na siku hazijaguswa, bei inayoonekana kwenye ubao ni bei ya mtu wa mwisho aliyenunua, siyo lazima ukienda leo utauza kwa bei hiyo. Kwa hiyo siku hizi kabla sijanunua naangalia kwanza hisa ngapi zimeuzwa mwezi mzima. Kama ni za kuhesabu kwa vidole naachana nayo, hata gawio liwe tamu vipi.

Baadaye nilirudi kuisoma taarifa ya fedha ya ile kampuni, niliyotakiwa kuisoma kabla. Pale chini kabisa kuna mstari umeandikwa faida kwa kila hisa. Ilikuwa 41. Yaani kampuni imepata 41 kwa hisa moja, imegawa 60. Hiyo 19 imetoka wapi? Imetoka kwenye akiba ya miaka ya nyuma. Ni sawa na mwenye duka anayekula mtaji, mwaka wa kwanza watoto wanavaa vizuri na jirani wanamsifia, mwaka wa tatu shelfu tupu. Namba zote mbili, 41 na 60, zilikuwa kwenye ukurasa mmoja, sikuziweka pamoja tu.

Sasa ukitaka kuona upande wa pili angalia benki ya NMB. Siwapigii debe, ni namba zao ambazo wanazitoa hadharani kila mwaka. Kwa mwaka 2019 waligawa sh 96 kwa hisa, 2020 ikawa 137, 2021 ikawa 193, 2022 ikawa 286, 2023 ikawa 361, na 2024 ikafika 428 na ushee. Lakini kilichonivutia mimi siyo kupanda kwenyewe. Chukua gawio la kila mwaka uliweke kwenye faida ya mwaka huo, utakuta ni kama thuluthi, miaka yote. 2023 kwa mfano faida baada ya kodi ni kama bilioni 545, gawio bilioni 180. Mbili ya tatu inabaki ndani, wanakopesha, inazaa, mwaka unaofuata thuluthi ni ileile ila ya chungu kikubwa zaidi. Gawio halikupanda kwa sababu bodi imeamka na roho nzuri, limepanda kwa sababu faida imepanda.

Mimi NMB bei yake niliona kubwa nikaogopa (ujinga, wingi wa hisa hauna maana yoyote, lakini kipindi kile kuwa na hisa 1,000 kulinipa raha kuliko kuwa na 100). Mwishoni mwa 2020 nikanunua benki nyingine, CRDB, hisa 1,000 kwa 195 kila moja. Gawio la mwaka huo lilikuwa 22. Ukipiga hesabu ni asilimia 11 na kitu, chini ya ile 15 yangu ya maumivu, na mwenzangu mmoja ofisini alinicheka. Yakafuata 36, 45, 50, na la mwaka 2024 likawa 65. Jumlisha hayo matano: 218. Toa kodi, kwa hisa zangu 1,000 nimepokea 207,100, wakati kuzinunua nilitoa 195,000 na makato yake. Yaani hela ya kununulia imesharudi kwa gawio peke yake na hisa bado ninazo, na bei yake imepanda mara kadhaa. Aliyetaka kula kala, aliyetaka kukua kakua, kwenye hisa moja.

Ila hapo shemeji naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndo watu wanajidanganya. Hiyo 65 kwangu ni theluthi ya bei niliyonunulia. Kwa mtu aliyenunua kwa 650 ni asilimia 10. Kampuni ileile, gawio lilelile, siku ileile. Kwa hiyo usije ukasema shem wako anakula asilimia 33 na wewe unaenda kula asilimia 33. Hukununua na mimi. Wewe angalia bei ya leo, jiulize faida ya hii kampuni miaka mitano ijayo itaendelea kupanda au imeshafika kileleni, na kama huna jibu nunua kidogo kidogo kila mwezi badala ya kutumbukiza mafao yote Jumatatu asubuhi.

Binamu yangu wa Nairobi yeye ni mtu wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Hao sera yao ni kugawa asilimia 80 ya faida, na kwa miaka mingi ilikuwa hela ya uhakika, aliyenunua hisa zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza (IPO) 2008 kwa shilingi 5 za Kenya hana neno. Lakini walipoingia Ethiopia mtaji mwingi ukaenda kule, faida ya jumla, Kenya na Ethiopia pamoja, ikashuka, gawio likatoka 1.39 mwaka wa fedha 2022 likawa 1.20 uliofuata. Binamu alinuna. Mimi nilimwambia hajaibiwa, kampuni imechagua kupanda shamba jipya, sasa wewe amua kama una subira ya kusubiri mavuno au unataka hela ya ada mwezi wa saba. Mwenye subira na mwenye kutaka hela sasa wote wako sahihi, ila hisa moja haiwafai wote.

Kwa benki kuna kitu kimoja cha nyongeza mimi sikiachi, mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawailipi. Benki zinatoa taarifa kila robo mwaka, ziko gazetini na kwenye tovuti zao, hakuna siri. Benki Kuu (BoT) inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Nikiona namba inapanda robo hadi robo, hata kama gawio la mwaka huu limetangazwa zuri, siongezi, maana mikopo isiyolipwa leo ndo faida itakayokosekana kesho.

Mengine madogo madogo. Kampuni ikitangaza gawio inasema pia siku ya kufunga daftari la wanahisa (aliyemo siku hiyo ndo analipwa), na hisa zinauzwa pamoja na gawio mpaka tarehe fulani kabla ya hapo. Kila mwaka kuna watu wanakimbilia kununua siku mbili kabla, wanapata gawio halafu bei inapungua, wanabaki wanashangaa. Hukupata cha bure, umelipia gawio lako mwenyewe tena umekatwa na kodi juu.

Halafu gawio linakuja mara moja kwa mwaka kwa kampuni nyingi, na nyingi ni kati ya mwezi wa tano na wa saba baada ya mikutano mikuu. Mimi linanikuta vizuri na ada ya muhula wa pili, lakini mtu anayetaka kula kila mwezi kwa hisa tupu atalala njaa mwezi wa kumi. Ndo maana shemeji nakushauri sehemu ya mafao iende hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), zinalipa kila miezi sita na unaanza na milioni moja, kwenye hisa iende ile hela ambayo hutaigusa.

Na akaunti ya benki! Nilihamisha akaunti 2022 nikasahau kuwabadilishia taarifa kwenye CDS, mfumo wa soko unaotunza kumbukumbu za hisa zako. Gawio likaenda akaunti iliyofungwa, likarudi. Nilifuatilia miezi minne, mara lete kitambulisho, mara jaza fomu, mara rudi wiki ijayo, kwa hela ambayo ni yangu halali. Ukibadilisha benki au namba ya simu, siku hiyohiyo mpigie broka.

Shemeji kasoma yote hayo, kanijibu kwa sms moja: "Sawa shem, lakini ile ya asilimia 15 bado ipo?" Nikampigia. Tumekaa kwenye simu dakika arobaini, vocha ya kwake, tumefungua taarifa ya fedha ya kampuni anayoitaka yeye, nikamwambia shuka mpaka chini kabisa, soma faida kwa kila hisa. Kimya. Halafu nasikia, "Eeh, mbona ni ndogo kuliko gawio?"