Umemaliza la saba? Yajue haya kabla ya Januari

Kati ya mtihani wa Septemba na kengele ya kwanza ya Januari kuna miezi mitatu na ushee, na watoto wengi wa huku Dodoma huimaliza wakichunga, wakiuza karanga stendi au wakisubiri matokeo tu. Kuchunga hakuna ubaya. Ila huo ndio muda pekee utakaoupata wa kujiandaa bila mtu kukukimbiza. Mimi nafundisha kidato cha kwanza kwenye shule ya kata, kila mwaka nawapokea wapya, kwa hiyo naandika nikijua mnaingiaje na mnakwamia wapi.

Mnakwamia kwenye lugha. Mtoto aliyepata A ya Sayansi la saba anakaa mbele yangu mwezi wa pili kama bubu. Wakati wa mapumziko jirani yake anamuuliza jambo lile lile kwa Kiswahili, naye analieleza mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu. Shule ya msingi ya serikali ilikufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine. Sekondari mambo yanageuka: karibu masomo yote ukiondoa Kiswahili yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Watu wazima wamebishana miaka na miaka kama utaratibu huo unafaa, na mimi nina upande wangu, lakini ubishi huo hautakujibia swali la biolojia mwezi wa tatu.

Tena kazi hii wengi wenu mmeshaifanya mara moja. Kama umekulia Mvumi, ulianza shule huku nyumbani mkiongea Kigogo. Kama ni Kondoa vijijini, labda Kirangi. Chemba, labda Kisandawe. Kiswahili chenyewe ulikuja kukizoea darasani. Hukusubiri umalize sarufi ndipo uongee. Ulisikiliza, ukajaribu, ukachekwa ulipochanganya, ukaendelea, na kufika la tatu ulikuwa unagombana na wenzako kwa Kiswahili kizuri tu. Safari hii njia ni ile ile. Nimeona mara nyingi watoto wa mjini, waliozaliwa na Kiswahili kinywani, ndio wanaoumia zaidi wakichekwa, kwa sababu hawajawahi kuwa wageni kwenye lugha yoyote.

Basi ufanye nini hadi Januari? Anza na unachokijua. Vitabu na madaftari ya la sita na la saba usiyagawe wala kuyafungia maandazi. Mada za mwanzo za hisabati ya sekondari ni namba, sehemu, desimali na asilimia, na zote umeshapita humo. Ile KDS, kigawe kidogo cha shirika, uliyoitafuta mpaka usingizini utaikuta inaitwa LCM, na hesabu yake ni ile ile. Usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula, sumaku na umeme vinakusubiri vimevaa majina mengine. Chukua daftari lililobaki kurasa, chora safu tatu: neno la Kiswahili, neno la Kiingereza, halafu sentensi fupi uliyoitunga mwenyewe. Wengi wanaishia safu ya pili, na hapo ndipo wanapojipunja. Neno lisilo na sentensi hulali nalo siku tatu.

Kuna kundi la maneno nataka uyaweke ukurasa wa kwanza kabisa, yale ya amri kwenye maswali: define, mention, explain, differentiate, calculate. Ni machache na yanajirudia kila mtihani. Ukiambiwa "mention" wanataka utaje tu, ukiambiwa "explain" wanataka ueleze. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo mtoto kajaza ukurasa mzima palipotakiwa majina manne, kisha palipotakiwa maelezo kaweka neno moja. Alikuwa anajua! Hakujua tu ameulizwa nini.

Na hapo kuna mabadiliko mengine ambayo hakuna anayewaambia. Mtihani wa la saba sehemu kubwa unachagua jibu na kusiliba herufi. Sekondari utaandika. Sentensi nzima, aya nzima, kwenye jiografia na historia hadi insha. Kwa hiyo kila siku andika mistari mitano ya Kiingereza kuhusu chochote: mbuzi aliyepotea, bei ya nyanya pale Majengo sokoni, mvua iliyokataa kunyesha. Ikiwa na makosa, sawa. Mkono unazoea.

Vitabu utavipata wapi? Aliye mjini kuna maktaba ya mkoa. Mwenye simu ya mzazi yenye bando, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Wa kijijini, mtafute kaka au dada aliyeingia kidato cha pili, muombe akuazime madaftari yake ya mwaka jana. Mwandiko utakutesa kidogo, lakini humo utaona mwalimu anafundishaje hasa, jambo ambalo kitabu hakikuonyeshi.

Mtaniuliza kuhusu pre-fomu wani, yale masomo ya kulipia ya Oktoba hadi Desemba yaliyojaa mjini. Msimamo wangu: kama kituo kinawafundisha Kiingereza na kuwafanya muongee, na mzazi anazo, nenda. Kama wanakimbizana kumaliza mada za fizikia ili mkifika shuleni muonekane mnajua, pesa hiyo ni bora inunue viatu imara. Waliokuja na madaftari yamejaa fomula wasizozielewa wanajiona wameshasoma, na kumfundisha mtu wa aina hiyo ni kazi kuliko kumfundisha asiyejua kabisa.

Ukishafika, wiki za mwanzo shule nyingi hutoa kozi ya Kiingereza ya kuwavusha, sisi tunaiita beselaini. Wanafunzi huidharau kwa sababu haina fizikia wala kemia, wengine hata wanachelewa kuripoti makusudi wakisema "masomo hayajaanza". Masomo ndiyo hayo. Anayeripoti mwezi wa pili ameikosa, na hairudiwi.

Utakuta pia mlangoni mwa ofisi ya walimu karatasi imebandikwa: "No English, no service." Nia yake ni njema, matokeo yake mara nyingi ni kwamba mtoto mwenye shida anageuza njia. Usigeuze. Kariri sentensi chache za kukuingiza ndani: ya kuomba kuingia, ya kumuomba mwalimu arudie polepole, ya kusema hujaelewa, ya kusema unaumwa. Ukishaingia na kuanza kwa Kiingereza, walimu wengi tutakusikiliza umalizie kwa Kiswahili. Na kama unaumwa kweli, achana na karatasi, sema kwa lugha yoyote.

Mengine ni mepesi. Kila somo lina mwalimu wake, vipindi ni vya dakika 40, ukikosa kimoja hakuna atakayekukumbusha. Majina ya shule mlizopangiwa hutolewa na TAMISEMI, kwa kawaida Desemba, na kwenye tovuti yao unatafuta kwa mkoa, halmashauri na shule yako ya msingi. Ada haipo tangu 2016, lakini sare, madaftari, viatu na vile vya kwenye fomu ya kujiunga, jembe, ndoo, fagio, ni vya mzazi. Kama sare haijapatikana, ripoti hivyo hivyo. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikielekeza mtoto apokelewe hata na sare ya msingi.

Kazi za shamba na njia ya kwenda shule, hapo ndipo nataka mzazi naye asome. Shule inafunguliwa Januari, na Januari kwetu ndiyo mvua na palizi ya mtama na mahindi. Mtoto anahitajika shambani siku zile zile anazohitajika darasani. Peleka ratiba nyumbani, mwonyeshe baba au mama saa za kutoka na siku za Jumamosi, mkubaliane kazi mapema kabla magugu hayajapanda. Mzazi aliyeona ratiba kwa macho yake huwa mwepesi kuliko anayeambiwa tu "nina masomo".

Halafu makorongo. Kiangazi unakata katikati ya korongo bila kufikiria, masika linajaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali usikoiona. Kabla ya kufungua, ipite njia yako pamoja na mkubwa, mjue wapi pa kuzungukia. Siku limejaa, rudi nyumbani. Hakuna kipindi cha kufia majini.

Ukipangiwa mbali, mtasikia habari ya geto, chumba cha kupanga karibu na shule. Kama shule ina hosteli, mzazi ajikamue kuchangia chakula uishi humo. Kama haina, ndugu kwanza. Ikibidi geto, liwe kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba mama anaishi humo humo, mkae wawili au watatu, na mwalimu wa malezi apajue. Mabinti, hili nawaambia bila kuzunguka: anayejitolea kukulipia kodi au kukupa nauli ya bodaboda kila siku ana hesabu yake. Mwambie mwalimu wa kike mapema, hata kama huna uhakika.

Chakula nacho. Pale wazazi walipokubaliana kutoa mahindi na maharage, mnapata makande mchana, na tofauti ya darasa la saa nane inaonekana usoni. Pasipokuwa na mpango huo, beba chochote, hata karanga. Usione aibu, nusu ya darasa watakuja kukuomba.

Majaribio ya kwanza yatafika kabla ya Pasaka na alama zitakushtua. Aliyezoea 80 anaona 23. Usifiche karatasi. Kaa nayo, kila swali ulilokosa lipange kwenye moja ya mafungu mawili: nililielewa swali ila sikujua jibu, au sikuelewa swali lenyewe. Muhula wa kwanza fungu la pili huwa kubwa kuliko la kwanza, na ndilo la kumpelekea mwalimu wa somo wiki hiyo hiyo, yeye akiwa bado anazikumbuka karatasi zenu. Mwaka unaofuata kuna upimaji wa kidato cha pili, na anayeshindwa anakariri kidato, kwa hiyo mafungu hayo yaanze kupungua mapema. Ukienda, nenda na lile daftari la safu tatu mkononi. Mwalimu akiliona hatakuuliza kwa nini umepata 23, ataanza kukusahihishia sentensi.