Vijana wako wapeleke kwenye benchi la kliniki

Shikamoo mama. Mimi ni daktari, nafanya kazi Temeke, na mwaka huu kwa mara ya kwanza nimepewa vijana watatu niwalee katika utafiti. Wanatafiti namna simu inavyoweza kuwasaidia wagonjwa wa presha wasiache dawa, ili wasije wakafika kwenye kiharusi au moyo kushindwa kazi. Mmoja wao ni fundi wa kompyuta kwelikweli. Ametengeneza programu ya simu janja, nzuri, ina michoro inayoonyesha presha inavyopanda na kushuka. Tuliwawekea wagonjwa 30. Baada ya wiki sita, wanaoifungua ni wanne. Vijana wamevunjika moyo, na wanachotaka sasa ni kuongeza vitu vingine ndani yake. Mimi nilisomea tiba, kompyuta siijui kihivyo. Nawaongozaje watu walionizidi ujuzi?
Mlezi Mpya, Mbagala

Marahaba mwanangu. Hawajakuzidi. Kompyuta wanaijua wao, lakini mgonjwa wa presha unamjua wewe, na utafiti huu ni wa mgonjwa.

Jumatatu ijayo usiwaite ofisini. Waambie wakukute saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye benchi la kliniki ya presha, kompyuta zao wamekuja bila. Wakae na wagonjwa mpaka dawa zitolewe. Kila mmoja amwombe ruhusa mgonjwa mmoja aione simu yake kwa macho. Watakuta kitochi kimefungwa rababendi ili betri isidondoke. Watakuta simu janja ambayo kumbe ni ya binti, mchana kutwa anayo Kariakoo dukani. Watakuta ya mama mwenyewe, imejaa picha za mjukuu mpaka haina nafasi, na bando linaingia pale mtoto akikumbuka kumrushia. Wakishaona hayo, ndipo muwazungumzie wale 26 wasioifungua programu. Na wale wanne wanaoifungua, watafuteni mmoja mmoja. Ni akina nani? Wanaifungua wenyewe au wanafunguliwa na watoto? Mimi ningeanza na hao.

Nakuambia haya kwa sababu niliyalipia. Zamani kidogo niliandaa meseji za kuwakumbusha wagonjwa dawa. Moja ilisema: “Kumbuka kunywa dawa zako saa 2 usiku. Usikose dozi.” Niliipenda kwa ufupi wake. Mama mmoja muuza vitumbua wa Buguruni akanifuata kliniki, vidole bado vina mafuta, akaniomba niifute namba yake kabisa. Simu ilikuwa moja, yeye na mumewe. Mume aliisoma meseji, na wewe unajua hapa mjini mtu akisikia dozi isiyotakiwa kukosa anawaza nini: virusi vya UKIMWI. Siku nne mama wa watu alikuwa anahojiwa ndani ya nyumba yake, kwa maneno yangu mimi.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamwuliza, ungeandika wewe ungeandikaje? Akafikiri, akasema: “Mama, usilale bila kidonge cha presha.” Alitaka neno presha litajwe, limalize maneno. Nikadhani nimepata jibu la wote. Wiki iliyofuata mzee mmoja akaniambia hataki presha itajwe kwenye simu yake hata kidogo, kazini wakijua watampumzisha. Tangu hapo kila mgonjwa anaulizwa: simu hii nani mwingine anaishika, na unataka tuandike nini? Vijana wako wafundishe kuuliza hivyo kabla hawajaandika mstari mmoja wa programu.

Watakuambia meseji za kawaida ni mambo ya kizamani. Wape wasome utafiti wa Cape Town uliochapishwa 2016. Watu wazima 1,372 wenye presha waligawanywa makundi matatu: wengine walipata meseji za kusoma tu, wengine meseji za kujibu, wengine huduma ya kawaida. Baada ya mwaka, ile namba ya juu ya presha kwa waliopata meseji za kusoma tu ilikuwa chini kwa kiasi cha milimita 2 hivi za zebaki kuliko waliopata huduma ya kawaida. Za kujibizana hazikuzishinda. Sasa wakalishe wabishane juu ya hiyo 2. Kwa mtu mmoja ni kidogo mno. Kwa mji mzima, je? Na yule fundi mwulize: kama uwezo wa kujibu haukuongeza kitu, hiyo michoro unategemea iongeze nini? Mwache atafute jibu, usimpe lako.

Jambo jingine, wapime presha kwa mikono yao. Programu ikilishwa namba mbovu itachora michoro mizuri ya uongo. Mgonjwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kuikunja nne, mkono usawa wa moyo, mkanda unaoenea mkono wake. Asiwe amebanwa na mkojo, na nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Mtu ameshuka kwenye daladala la kusimama, kapanda ngazi mbio, ukimpima papo hapo ile 150 huwezi kuiamini. Na 140 kwa 90 ya siku moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa, apimwe tena siku nyingine. Kila kijana apime watu kumi wewe umesimama pembeni. Utashangaa.

Kwa upande wa kompyuta, watafutie mlezi wa pili anayeijua, na usione haya kusema hujui. Mwambie fundi wako akueleze programu yake kama anavyomweleza mama yake. Pale anapokwama kueleza, mara nyingi na mgonjwa hukwama hapohapo. Halafu wape saa moja kila wiki ambayo hata mkubwa wako haigusi. Maandiko yao yasome kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa.

Mama, mimi ni mtafiti mchanga. Tuna kundi la WhatsApp la wagonjwa 40 waliowahi kupata shambulio la moyo, tunawatumia ushauri wa chakula na mazoezi. Limechangamka sana, lakini msimamizi wangu anasema nilifunge. Ananionea?
Kigamboni

Hakuonei, mwanangu. Humo kila mmoja anaiona namba ya mwenzake, na kuwemo tu kunatangaza kwamba moyo wako unaumwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tena kibali cha maadili kinahusu yale mliyoyaandika kwenye andiko lenu. Kama kundi halikutajwa, mmetoka nje ya kibali. Rudini kwenye kamati na marekebisho.

Lakini usilifunge kimyakimya. Watu hawa wamezoea kwamba kuna mtu upande wa pili. Na hapo ndipo ninapoogopa zaidi: mmoja akiandika humo saa nane usiku kwamba kifua kinambana, nani yuko macho? Wapigie wote 40 kabla ya kufunga, kwa sauti yako, umweleze kila mmoja sababu na umpe namba ya kliniki. Na umwambie kifua kikimbana asimwandikie mtu yeyote, aamshe walio ndani wampeleke hospitali saa hiyohiyo.